Sifuri ya Shika Adabu

Kazi yangu ni kadi.
Jina, umri, mtaa, kiungo.
Chumba chetu kiko nyuma ya duka la dawa la hospitali.
Feni ina mbawa mbili; ya tatu iling'oka mwaka juzi
ikampata Mutinda begani,
na tangu siku hiyo yeye hukaa dirishani, jua limchome.

Kila Disemba napaka ramani rangi.
Kibokoni nyekundu: matiti.
Tudor nyekundu. Ganjoni nyekundu.
Jomvu rangi ya chungwa: umio.
Watu wa huko hutufikia wakati hata uji
waumeza kwa kufumba macho.
Ng'ambo ya kivuko, rangi ya maji ya mchele:
Mtongwe wanne, Timbwani wawili,
Shika Adabu sifuri.

Mwaka huu Daktari Nassoro aliikodolea ile sifuri
kama mtu aliyeokota pete.
"Hawa wala nini?"
Labda muhogo, akasema. Labda damu yao.
Labda upepo wa kusini haubebi moshi wa viwanda.
Akataka tuombe fedha, tukawapime,
kisiwa kikasome kwa jirani
siri ya kutougua.

Nikachonga penseli ambayo ilikuwa imechongoka tayari.
Kwetu ni Shika Adabu.

Jumamosi nikavuka, kwenda hitima ya mama mdogo, Mwanatumu.
Tulikuwa uani twamenya vitunguu thumu.
Alikufa na nini? nikauliza.
"Tumbo."
Tumbo gani?
"Tumbo tu, mwanangu. Lilimjaa."
Na mume wa Bi Mwanamkasi?
"Jipu."
Jipu la miaka miwili?
Kimya. Kisu kwenye sinia.
Mwanamkasi mwenyewe, akaongeza mmoja,
damu ilimrudia na umri wa miaka sitini,
akacheka, akasema nimekuwa mwari tena, nitafutieni mchumba,
nasi tukacheka naye
hadi alipoacha kuinuka kitandani.

Nilikuwa nahesabu kwa vidole chini ya leso.
Mkono mmoja ukajaa
kabla pilau haijapakuliwa.

Wasema mficha maradhi kifo humuumbua.
Huku kwetu kifo nacho kimeshika adabu:
chabisha hodi, chamchukua mtu,
hakitaji jina la kilichomtuma.

Jumatatu nikamweleza daktari.
Hakunikemea. Ni mtu mwema, alivua miwani.
"Bila kipande cha nyama kwenye hadubini,
hatuwezi kuandika kadi."
Ni kweli. Kanuni hiyo niliiandika mimi kwa mkono wangu
na kuibandika ukutani kwa gundi, mwaka nilioajiriwa.

Kuvuka kwa miguu ni bure.
Ni huku kisiwani ndiko kila mlango una bei:
wa kukatwa kipande, wa kukipeleka maabara,
wa kuja kusikiliza jibu,
na njaa ya foleni, na mbuzi aliyeuzwa
kabla jibu halijatoka.
Kibokoni mtu avaa buibui, akata vichochoro viwili,
keshafika kwetu.
Nyekundu yake, kwa kiasi fulani, ni rangi ya ukaribu.

Kwa kiasi fulani, nasema.
Kwani katika wale watano wa uani
hakuna hata mmoja aliyesongwa na chakula.
Wala aliyekumbukwa na bibi zao.
Jomvu wasongwa, Shika Adabu hapana,
na hilo halielezwi na foleni, wala na mbuzi, wala na mimi.
Huenda daktari ana haki ya nusu ya swali lake.
Nimeliacha mezani, sikulifunika.

Ramani imeshachapishwa. Imepelekwa Nairobi.
Nakala yetu imetundikwa juu ya kabati,
na katika tumbo la ile sifuri
nimetia nukta tano kwa penseli,
ndogo, kama choo cha nzi.

Leo Mutinda alipanda kiti na kitambaa chenye maji.
"Huu uchafu," akasema.

Nikamshika mkono.
Huo uache.